Chuma, Moto na Dakika: Rangi za Kinga katika Majengo ya Meru na Embu

Chuma hakishiki moto, na kwa sababu hiyo watu hukiamini kupita kiasi. Kamati ya kanisa pale Nkubu ikitaka paa la upana wa mita 20 lisilo na nguzo katikati, bodi ya shule Runyenjes ikitaka bwalo jipya, mfanyabiashara wa Makutano akitaka kuweka sakafu ya pili ndani ya ghala lake, wote huambiwa jambo moja: mbao huungua, chuma hudumu. Ni kweli nusu. Boriti nene ya mbao huungua kutoka nje polepole, na makaa yake yenyewe hukinga kiini kinachobeba mzigo. Chuma kitupu hakipungui hata gramu moja motoni, ila nguvu zake huondoka kikiwa bado kimesimama mbele ya macho yetu.

Vipimo vya jambo hili vinajulikana na havibishaniwi. Hadi nyuzi 400 za selsiasi, chuma cha kawaida cha ujenzi kina karibu nguvu zake zote. Kikifika 500 kimebakiwa na asilimia 78, kikifika 600 asilimia 47, na kwenye 700 hazifiki hata robo. Ugumu wake wa kukataa kupinda hushuka mapema zaidi: kwenye 600 umebaki chini ya theluthi. Sasa linganisha na moto wenyewe. Katika tanuri la majaribio linalofuata kanuni ya kimataifa ya ISO 834, hewa hufika nyuzi 678 kwa dakika 10, nyuzi 842 kwa nusu saa, na 945 kwa saa moja. Ndiyo maana wahandisi walizoea kuichukua 550 kuwa mpaka: nguzo iliyobebeshwa mzigo wake wa kawaida ikipita hapo, imeanza kuaga.

Swali ni itafika hapo baada ya muda gani, na jibu linategemea unene kuliko kitu kingine chochote. Moto huingia chumani kupitia uso wake, lakini kinachopashwa ni mwili wote. Kwa hiyo wahandisi hugawa uso unaoguswa na moto kwa ujazo wa chuma wenyewe. Uwiano ukiwa mkubwa, chuma hupata moto haraka. Nguzo nzito ya umbo la H, yenye uzito wa kilo 283 kwa kila mita, ina uwiano wa 55 hivi, nayo inaweza kuvumilia dakika ishirini na kitu bila kinga yoyote. Chukua sasa bomba la mraba la milimita 50 kwa 50, unene milimita 3, lile ambalo fundi wa kuchomelea wa Meru au wa Embu hulinunua hadwea na kuliunga usiku kucha ili kenchi zipande Jumamosi. Uwiano wake unapita 350. Katika tanuri lile lile hufika nyuzi 550 kwa takribani dakika 9.

Nimelikazia bomba hilo kwa sababu ndilo chuma chetu. Majengo ya ghorofa ya miji hii miwili, karibu yote, ni nguzo na mihimili ya zege iliyojazwa mawe ya kuchonga. Chuma kinachobeba mzigo utakikuta kwenye mapaa ya makanisa na mabwalo, kwenye vibanda vya masoko, juu ya vituo vya petroli, kwenye minara ya matangi ya maji, kwenye maghala ya mahindi na makadamia, na kwenye viwanda vya majani chai. Isipokuwa viwandani na kwenye minara, kwa kawaida ni chembamba. Makala za kitaalamu kuhusu rangi za kukinga chuma dhidi ya moto huandikwa na watu wanaofikiria majengo marefu ya ofisi yenye vyuma vizito. Sisi tukizinakili zilivyo tutalipa pesa nyingi mahali pasipofaa.

Rangi yenyewe ni kazi ya kemia ya kustaajabisha. Ikishapakwa huonekana kama rangi nyingine yoyote, labda nene kidogo. Ndani yake mna viungo vitatu vinavyosubiriana. Cha kwanza ni amonia polifosfeti, chumvi ambayo ikipata joto la nyuzi mia mbili na kitu huvunjika na kutoa asidi. Asidi hiyo huvamia kiungo cha pili, pentaerithritoli, aina ya alkoholi yenye kaboni nyingi, na kuinyang'anya maji hadi ibaki kaboni tupu. Wakati huohuo cha tatu, melamini, ileile inayotengenezewa sahani zisizovunjika, hutoa gesi. Gundi ya rangi imekwisha kulainika, gesi inanaswa ndani yake, na tabaka lote linaumuka kama andazi kwenye mafuta. Milimita moja inaweza kufikia 50. Povu hilo hugeuka sifongo la makaa lenye vitundu vidogo vilivyojaa gesi, na gesi iliyotulia ni kipitishi kibovu sana cha joto. Chuma kilicho nyuma ya sifongo hilo kinaendelea kupata moto, ila kwa mwendo wa pole.

Kwa mwendo wa pole tu, na hapo ndipo wauzaji hupenda kunyamaza. Hakuna rangi inayozuia chuma kupata moto. Inachouza ni dakika: 30, 60, 90, wakati mwingine 120. Na bei ya dakika hupanda kadiri chuma kinavyokuwa chembamba. Nguzo nzito ikitakiwa kuhimili nusu saa huenda ikaridhika na rangi isiyofika nusu milimita. Bomba jembamba likitakiwa kuhimili saa moja laweza kudai milimita kadhaa, tabaka juu ya tabaka, siku baada ya siku. Katika majedwali ya unene wa rangi ya watengenezaji wengi safu za vyuma vyembamba sana huachwa wazi, maana yake hawako tayari kuahidi chochote. Kwa hiyo mtu akija na ndoo moja akadai inatosha kukinga kenchi zote za kanisa kwa saa mbili, aulizwe jedwali. Aulizwe pia ndoo hiyo ni ya nini hasa, kwa kuwa ziko rangi za kupunguza kasi ya miali juu ya mbao na dari, nzuri kwa kazi yake, ambazo haziongezi hata dakika moja kwa nguzo ya chuma. Ndoo zote mbili huandikwa kwamba zinakinga moto.

Dakika hizo ni za nani? Hili ndilo swali ambalo uchambuzi wote unapaswa kulizunguka, na ndilo ambalo sijaona likiulizwa kwenye vikao vya ujenzi.

Katika mji wenye kituo cha zimamoto kila mtaa, dakika 60 hugawanywa mara mbili: sehemu ya kwanza ni ya watu kutoka, sehemu ya pili ni ya wazimamoto kuingia, kuokoa na kuzima wakijua jengo halitawaangukia. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, ilikabidhi kaunti huduma za kuzima moto na kukabiliana na majanga, na tangu hapo kaunti zimenunua magari. Lakini milima haijapungua. Kutoka Meru mjini hadi Maua ni kama kilomita 50 za kupanda na kupinda kwenye safu za Nyambene. Kama hakuna gari la karibu zaidi, hata barabara ikiwa tupu dereva hodari atahitaji karibu saa nzima. Mbeere, kuelekea Siakago na Kiritiri, hali haitofautiani sana. Huko, sehemu ya pili ya ile saa haina mwenyewe. Kinachobaki ni muda wa watu kutoka, na watu wanaojua njia, wenye milango inayofunguka, hutoka ukumbini kwa dakika chache, kabla hata bomba jembamba halijalegea.

Historia yetu ya moto inasema hivyohivyo. Kyanguli, Machakos, Machi 2001: wavulana 67 walikufa bwenini, mlango mmoja ukiwa umefungwa na madirisha yana vyuma. Nakumatt Downtown, Nairobi, 28 Januari 2009: zaidi ya watu 20 waliangamia ndani ya duka. Hillside Endarasha, Nyeri, usiku wa 5 Septemba 2024: watoto 21. Si kwa sababu ya kenchi kukosa rangi. Moshi, magodoro, msongamano na milango ndiyo iliyoua. Mtu anayezitumia roho hizo kuuzia shule rangi ya paa anakosea, na shule yenye bajeti ya kitu kimoja ing'oe vyuma vya madirisha, iweke mlango wa pili unaofunguka kwa nje, itenganishe vitanda. Mwongozo wa usalama wa shule wa mwaka 2008 ulishaeleza hayo.

Kanuni za ujenzi za Uingereza zinakubaliana na mantiki hii kwa njia yake. Muundo unaobeba paa peke yake, kwa kawaida, haudaiwi dakika zozote za kuhimili moto, kwa kuwa paa likianguka baada ya watu kutoka hasara ni ya mali. Uko ubaguzi, nao unatuhusu sana: pale ambapo paa linashikilia ukuta wa mpakani, au ambapo watu hupita juu ya paa hilo wakikimbia. Chuma hurefuka kikipata moto. Kenchi ya mita 20 ikipanda hadi nyuzi 500 huongezeka zaidi ya sentimita 12, na kama imejengewa ncha zote mbili ndani ya ukuta wa mawe, inausukuma ukuta huo nje. Baadaye ikilegea inauvuta ndani. Jirani anayechota maji kusaidia, au mzimamoto aliyesimama na mpira wake kando ya ukuta, ndiye anayeangukiwa. Hapo si lazima rangi. Ncha moja ya kenchi ikiachiwa nafasi ya kuteleza juu ya ukuta, na nguzo za zege zikisimama zenyewe, hatari hupungua sana kwa gharama ndogo.

Basi rangi, au kinga yoyote ya chuma, inastahili wapi? Pale ambapo chuma kinabeba watu au mzigo juu ya vichwa vya watu wengine. Ile sakafu ya pili ya ghala la Makutano ndiyo mfano wa kwanza kunijia. Imesimama juu ya mabomba. Chini kuna duka lenye wateja, juu magodoro, vyombo vya plastiki au nguo. Moto ukianzia chini, walio juu wana dakika 9 kabla nguzo hazijaanza kulegea, na ngazi ni moja. Jengo la Plasco la Tehran lilikuwa mfano huohuo kwa ukubwa wa kutisha: ghorofa 17 za vyuma, zimejaa karakana za nguo. Liliwaka asubuhi ya 19 Januari 2017, likaanguka baada ya saa tatu na nusu hivi, na wazimamoto 16 wakafia humo. Kwa upande mwingine, soko la Kariakoo la Dar es Salaam, kazi ya msanifu Beda Amuli, liliungua tarehe 10 Julai 2021. Ni jengo la zege, na baada ya moto lilikarabatiwa badala ya kufutwa.

Mfano wa pili ni viwanda vya majani chai, na hapa Meru na Embu zina jambo la kuwafundisha wengine. Imenti, Githongo, Kionyo, Kinoro, Michimikuru, Kiegoi na Igembe upande wa Meru, Mungania na Rukuriri upande wa Embu: kila kimoja ni jengo pana la vyuma lenye bwela la kuni, vikaushio vya hewa moto, na vumbi la majani makavu linalotua juu ya kila mhimili. Katika viwanda vingine sehemu ya kunyaushia imeinuliwa, tani kwa tani za majani mabichi zikiwa juu ya nguzo za chuma. Moto wa kikaushio si jambo geni kwa mafundi wa chai. Huzimwa mara nyingi kabla haujatoka. Usipozimwa, nguzo zilizo karibu na kikaushio na bwela ndizo za kwanza kuguswa, na vyuma vya kiwandani vina uzito unaofaa kupakwa rangi. Hapa jedwali halitaachwa wazi.

Lakini hewa ya kiwanda cha chai ni ya unyevunyevu mchana na usiku, na adui mkubwa wa rangi inayoumuka ni maji. Amonia polifosfeti huyeyuka kidogokidogo. Tabaka la juu la kufunika likichubuka, unyevu huingia na chumvi hutoka bila mtu kuona. Miaka kadhaa baadaye rangi ingali nyeupe na safi, ila haitaumuka inavyotakiwa. Wazungu wa Ulaya wameziweka rangi hizi katika madaraja kulingana na mazingira, kutoka ndani penye ukavu hadi nje penye mvua, na rangi ya ofisi kavu haina kazi kwenye ukumbi wa kunyaushia. Kwa sehemu hizo ningechagua rangi ya epoksi, aina inayotumika kwenye mitambo ya mafuta na gesi, au ningeiacha rangi kabisa.

Kupaka nako kuna masharti yake. Chuma husafishwa kwa kupulizwa chembechembe hadi kutu yote itoke, maana brashi ya waya haitoshi. Kisha huja rangi ya msingi, na hapa ndipo pana mtego wetu mkubwa: ile redoksaidi nyekundu ambayo kila kenchi hupakwa kabla ya kutoka karakanani. Nyingi hulainika kwa joto. Rangi ya kinga ikipakwa juu yake, moto ukija povu lote laweza kuteleza na kuanguka sakafuni, likiacha chuma uchi wakati hasa linapohitajika. Lazima rangi ya msingi iwe imejaribiwa pamoja na ile ya kinga, au ikwanguliwe. Kisha hali ya hewa: uso wa chuma uwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande kutonea, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Mtu aliyeshinda Julai moja chini ya ukungu wa Mlima Kenya anajua kwamba asubuhi vyuma hutoka jasho. Kazi hiyo ingoje saa za jua, au ingoje Januari.

Mwishoni ni kipimo. Rangi mbichi hupimwa kwa kichana kidogo cha chuma chenye meno ya urefu tofauti: unakichomeka, unakitoa, unatazama jino la mwisho lililolowa. Ikikauka hupimwa kwa kifaa cha sumaku, nukta baada ya nukta, na namba huandikwa. Kipimo kisipoandikwa, kazi haijafanyika, hata chuma king'ae namna gani. Baada ya hapo anakuja fundi mwingine kuchomelea kishikizo cha feni kwenye mhimili uleule, anachoma sentimita 20 za kinga, anafunika kwa rangi nyeupe ya kawaida. Hiyo ndiyo hatari ya kila siku, na dawa yake ni msimamizi mwenye mamlaka ya kusema hapana.

Nikiangalia gharama na mikono iliyopo, kwa nguzo nyingi za Meru na Embu ningetaka zege kabla ya rangi. Funga wavu wa waya kuzunguka nguzo ya chuma ili zege lisipasuke na kumwagika, mimina unene wa sentimita 5, na unaweza kupata hadi saa mbili kwa saruji, kokoto na mchanga ambao kila fundi wa hapa anaujua. Ni zito, linakula nafasi, lakini halichubuki na halihitaji jedwali la mtengenezaji wa mbali. Jasi ni njia nyingine: karibu asilimia 20 ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani ya madini, na hadi maji hayo yaishe kugeuka mvuke, joto la upande wa pili halivuki sana nyuzi 100. Ila ubao wa jasi uwe ule uliotengenezwa kuhimili moto, wenye nyuzi za kioo ndani. Ule wa dari za sebuleni hupasuka na kuanguka mapema. Na iko vamikulaiti, madini yanayopanuka yakichomwa, ambayo huchanganywa na saruji au jasi na kupulizwa juu ya vyuma. Sura yake ni mbaya, lakini nyuma ya dari au ndani ya nyumba ya bwela nani anatafuta urembo? Madini hayo yamechimbwa Kinyiki, upande wa Tsavo, na Namekara mashariki mwa Uganda. Inaniuma kwamba tunayo ardhini na bado mazungumzo yetu yote ni ya ndoo kutoka ng'ambo.

Majaribio ya Cardington, Uingereza, mwaka 1995 na 1996, yalionyesha pia pa kubana matumizi. Sehemu za jengo halisi la vyuma la ghorofa nane zilichomwa makusudi. Mihimili midogo isiyokingwa ilipita nyuzi 1,000 na sakafu haikuanguka, kwa sababu zege la sakafu lenye wavu wa chuma lilijitandaza kama turubai na kupeleka mzigo kwenye nguzo. Sharti ni kwamba nguzo ziwe zimekingwa. Kwa kamati yenye pesa chache, mpangilio uko wazi: nguzo kwanza, mihimili mikuu baadaye, midogo mwisho, na mhandisi afanye hesabu hiyo kwa jengo lile, si kwa kukisia.

Kanuni mpya za Kitaifa za Ujenzi zilianza kutumika 1 Machi 2025 badala ya zile za 1968. Zitasaidia ikiwa afisa wa kaunti anayepokea michoro atadai kitu kimoja chepesi: orodha ya kila chuma kinachobeba sakafu, uwiano wake wa uso na ujazo, dakika zinazotakiwa, na kinga iliyochaguliwa. Ukurasa mmoja tu. Sakafu za ndani ya maghala, ambazo kwa kawaida huongezwa baada ya cheti kutolewa, zingehitaji ukaguzi wa leseni ya biashara, kwa sababu mchoro wake haupiti mezani kwa mtu yeyote.

Liko jambo la mwisho, la vyuma vilivyonusurika. Moto wa soko ukizimwa, mabomba hukusanywa, hunyooshwa kwa nyundo na kuuzwa au kurudishwa kwenye kibanda kipya. Chuma kizito kilichoviringishwa kikiwa moto kiwandani, kikibaki kimenyooka, mara nyingi hurudia karibu nguvu zake zote kikipoa, na mhandisi anaweza kukikubali baada ya kukipima. Bomba jembamba lililokunjwa baridi ni kinyume chake: sehemu ya nguvu zake ilitokana na kule kukunjwa, na moto umeifuta. Bolti za nguvu nyingi nazo zitupwe zote. Na pale palipokuwa na rangi ya kinga iliyoumuka, sifongo hilo likwanguliwe hadi chuma kionekane, kazi ianze upya tangu kupuliza kutu.